Umeniomba Nisichekeshe

Isevya, Tabora

Mwanangu Kabula,

Mwangaluka. Huku hatujambo. Maembe yanaanguka hata kwa asiyeyataka, na mdogo wako anaumwa tumbo kwa sababu unayoijua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. "Baba, wakwe wakija kuleta posa, naomba siku hiyo usichekeshe." Halafu ukashukuru kabla sijakubali, kama mtu anayetua mzigo mlangoni kwa jirani na kukimbia.

Nimeshindwa kukujibu kwa simu. Nikishika simu au maiki, natafuta cheko kabla sijatafuta la kusema. Ni ugonjwa wa kazi. Hata seremala hakai kwenye kiti cha mtu bila kukitikisa kwanza. Kwa hiyo nimechukua daftari la hesabu la mdogo wako, kurasa za nyuma, na naandika wakati mama yako yuko uani anakaanga karanga. Basi la kesho litakuletea.

Najua hofu yako si vichekesho. Unaiogopa ile video. Tuizungumze, maana tangu ilipotokea sote tunaizunguka kama shimo la choo lililotitia.

Ulikuwa uzinduzi wa duka la vipodozi. Malipo elfu themanini na soda. Nilianza vizuri, nikasema mke wangu ni kama refa: hafungi goli, hadaki, lakini mechi haianzi mpaka apulize. Watu wakacheka, ila lile cheko la heshima, la watu wanaosubiri kugawiwa sampuli za mafuta. Mchekeshaji akiona cheko linapoa anakuwa kama beki wa timu inayofungwa dakika ya 88. Anabutua tu mpira uende mbele, popote. Nami nikabutua. Nikasema: "Mke wangu akitumiwa pesa, jirani ndiye wa kwanza kujua, maana ndiye anayemsomea salio."

Watu walishikana mabega. Kijana mmoja alikuwa anarekodi. Zile dakika ishirini nilizojicheka mwenyewe, kipara changu, baiskeli yangu, Simba yangu, hakuna aliyezirekodi. Walibakiza sekunde arobaini, nazo zikasafiri hadi chuoni kwako, mwenzako wa bwenini akakuuliza kama huyo si baba yako. Shangazi yako aliniambia ulijibu "ndiye" ukazima simu. Wewe hukuwahi kuniambia, nami sikuwahi kukuuliza.

Mama yako ilimfikia sokoni. Wenzake wakamwambia, "Mama Kabula, lete tukusomee." Akacheka pamoja nao, akauza michembe yake, akarudi. Angenigombeza ningejitetea, na kwa kujitetea unanijua. Hakunigombeza. Aliacha tu kunipa simu yake.

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki vizuri. Kila jioni alikuwa anakaa kwenye kigoda, ananipa simu, namsomea meseji zote kwa sauti za wenyewe. Shangazi yako akiomba hela, nasoma kwa sauti ya kuugua. Mwenyekiti wa kikoba, kwa sauti ya hakimu. Mtandao wa simu ukimjulisha kwamba bando limeisha, nasoma kama tangazo la msiba. Alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. Lilikuwa onyesho langu bora kuliko yote na lilikuwa na mtazamaji mmoja. Nikaenda kuliuza kwa elfu themanini na soda.

Nataka nikueleze nilichokosea, maana watu wengi wanadhani kosa lilikuwa kumtania mke hadharani. Hapana.

Babu yako alipofariki, walikuja watani. Kulikuwa na mzee mmoja Mzaramo, fundi cherehani, aliyehamia hapa Isevya ujanani. Unajua utani wetu na Wazaramo ulizaliwa njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanabeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, miezi kwa miezi, wakipita Uzaramo, wakilala huko, wakiugua na kuzikwa huko. Watu wanaopita kwa watu kila mwaka lazima watafute namna ya kutochukiana. Basi yule fundi, kaburi lilipokuwa tayari, akaingia ndani akalala. Akasema hatoki mpaka alipwe, maana Wanyamwezi walishazoea kulala bure Uzaramo. Kisha akavaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, akivuta ule mguu wa kushoto. Bibi yako, ambaye alikuwa hajala siku mbili, akacheka huku machozi yanatiririka, halafu akaomba uji.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Kazi hii ninayoifanya niliianza pale, ingawa jukwaani nilipanda miaka mingi baadaye. Watu wakiniuliza nimejifunza kwa nani hutaja jina la Mzee Majuto wa Tanga, Mungu amrehemu, tangu 2018 ametuacha na pengo. Majuto nilimpenda, lakini mwalimu wangu ni yule fundi cherehani kaburini.

Na miaka miwili baadaye fundi alifiwa na mkewe. Nani alikwenda kulala kaburini? Mimi. Nikadai anilipe suruali aliyoniharibia. Alicheka, akanilipa mia tano, akanikumbatia nikiwa na udongo mgongoni.

Ndiyo utani huo, Kabula. Una kwenda na una kurudi. Mimi kwenye duka la vipodozi nilikuwa na maiki na spika mbili kubwa. Mama yako alikuwa na beseni la karanga sokoni. Angenirudishia kwa kutumia nini?

Sasa sikiliza sehemu ambayo hujaisikia.

Mama yako alianza kujifunza kusoma kwa siri. Mwalimu wake alikuwa mdogo wako, ada yake chapati. Kitabu chake cha kiada kilikuwa simu yangu. Nilikuwa naiacha kwenye kigoda ikichaji, na simu yangu, sitaficha, ilikuwa inajaa meseji za kubeti. Mdogo wako anasema hakuna kitabu kizuri cha kuanzia kama hizo meseji: ni fupi, maneno ni yale yale kila siku, na zina namba. Mama yako alijua kusoma neno "mkeka", yaani orodha ya mechi mtu alizobetia, kabla ya jina lake.

Ikafika tarehe 7 Novemba 2024. Yanga na Tabora United, pale Azam Complex. Mimi ni Simba tangu tumboni, mama yako ni Yanga, na nyumba hii imesimama kwa ugomvi huo kama inavyosimama kwa nguzo. Mtu wa Simba, mzaliwa wa Tabora, siku ile alikuwa na sababu mbili za kuiombea Tabora ushindi. Nami niliiombea, kwa mdomo. Kwa kidole niliweka mkeka, shilingi elfu ishirini, Yanga ishinde.

Usinihukumu haraka. Yanga walikuwa mabingwa misimu mitatu mfululizo. Siku tano kabla walikuwa wamefungwa na Azam, nikajua hasira watazimalizia kwetu. Na sisi ni nani? Ni wale walioanza mechi yao ya kwanza ya ligi kuu Agosti 2023 na wachezaji wanane uwanjani, wengine usajili wao haujakamilika, wakapigwa nne na Azam, mechi ikavunjika mapema kwa sababu wawili waliumia na waliobaki hawakutosha hata kuitwa timu. Akili yangu ilikuwa sawasawa. Mpira ndio haukuwa na akili.

Tabora tatu, Yanga moja. Chikola peke yake mawili. Mtaa mzima ulitoka nje, vijana wakapiga mabati, bodaboda zikapiga honi hadi mbwa wakakata tamaa. Mimi nilikuwa katikati yao narukaruka, moyo unavuja damu.

Niliporudi, mama yako alikuwa amekaa kwenye kigoda na simu yangu mkononi. Kidole kiko kwenye kioo. Akasoma, polepole, kama anayevuka mto kwa mawe: "Po-le. Mke-ka wa-ko u-me-cha-ni-ka." Akanyamaza. Akashuka mstari. "Ya-nga. Ku-shi-nda." Kisha akainua macho.

"Kumbe," akasema, "mimi peke yangu ndiye niliyefungwa leo kwa uaminifu."

Nimesimama jukwaani miaka kumi na saba. Sijawahi kutunga sentensi kama ile.

Kesho yake soko zima lilikuwa linajua. Wauza mchele waliniita Mwananchi, jina la mashabiki wa Yanga. Muuza dagaa akaniuliza kama nikienda uwanjani nitakaa jukwaa la nani. Hadi leo nikipita wananiuliza, "Mama Kabula amekusomea?" Aibu niliyoipata, mwanangu, sitaki kuipunguza. Lakini jioni ile alinipa simu yake. Akaniambia, "Nisomee na ya shangazi, kwa ile sauti." Alikuwa ameshaisoma mwenyewe. Alitaka sauti.

(Chikola naye mwaka uliofuata akasajiliwa na Yanga hao hao. Ukimfunga mtu vizuri, anakuposa.)

Nirudi kwa mchumba wako. Nimemwona kwenye simu mara tatu, ana adabu, anakaa wima hata kwenye video. Mambo mengine ya kizazi chenu yananipita: kupeana nywila, kununiana kwa sababu mtu amesoma ujumbe hajajibu, kundi la michango ya harusi kufunguliwa kabla ya posa. Mjomba wako ameshajitoa kundini mara mbili na kila mara anasema alibonyeza kwa bahati mbaya. Hayo mtayamaliza wenyewe.

Ila umesema yeye ni Arsenal tu, ligi ya nyumbani haifuatilii. Hapo nimeguna. Simwombi awe Simba; hata akiwa Yanga nyumba itakuwa na wawili, nitavumilia. Lakini mtu anayekosa usingizi Kisarawe kwa sababu ya watu wa London, nani atamtania kesho yake? Nani atampelekea boksi la leso mlangoni? Mchunguze. Kama ana rafiki mmoja wa Chelsea anayemsumbua kila Jumatatu, nimeridhika.

Na kuna jambo ambalo limeninyima usingizi mimi. Kijana ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, nina haki ya kumnyang'anya kofia. Lakini pia atakuwa mkwe wangu, na mkwe hataniwi. Nimemuuliza mzee wa ukoo, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema nimheshimu kijana na nimtanie babu yake. Nimeona ni hukumu ya haki. Huyo babu anakuja?

Basi jibu langu ni hili. Siku hiyo sishiki maiki. Msemaji atakuwa mjomba wako, ambaye hajawahi kumchekesha mtu kwa makusudi. Nitavaa koti la bluu, nitakaa pale nitakapoonyeshwa. Video yoyote itakayopigwa utaniona nimetulia kama picha ya kitambulisho. Lakini wazee wa Kizaramo wakinianza wao, wakaniambia mababu zangu walikula mihogo yao wakaondoka bila kulipa, sitaweza kunyamaza. Nikinyamaza nitakuwa nimewatukana. Hilo mweleze mchumba wako mapema ili asije akatetemeka.

Waambie wakipanda treni ya umeme hadi Dodoma wasibebe chakula kingi, njiani kuelekea huku watakula. Wakifika Dodoma bado wana safari ndefu ya basi, wavae nguo za vumbi na za posa waweke kwenye mfuko. Asali ya kuondoka nayo nimeshaagiza Sikonge, madumu mawili.

Barua ya posa ataisoma mama yako. Hatukupanga. Nilisema tu nani ataisoma, na mimi tayari natafuta miwani, yeye akasema, "Itasomwa na mwenye mtoto." Anafanya mazoezi usiku kwa barua za zamani za benki. Anasoma polepole bado, na wageni watasubiri. Nimeshamwambia mjomba wako kwamba atakayekohoa kwa kuharakisha nitamtoa nje, awe Mzaramo, awe Mnyamwezi.

Baba yako.

Nyongeza: Nilikwenda kunywa maji, niliporudi nikamkuta mama yako na daftari, kidole kiko ukurasa wa pili. Ameisoma yote, ikamchukua hadi adhana ya magharibi. Anasema barua iende kama ilivyo, isipokuwa nirekebishe sehemu moja. Ule mkeka haukuwa wa elfu ishirini. Ulikuwa wa elfu hamsini.