Usiku wa kuamkia Jumatano

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Kwako rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba Mwanza imewapokea vizuri kuliko tulivyohofu siku ile tulipowasindikiza. Sisi huku tu wazima, Mama Neema anakusalimu sana, na kiti chako cha dirishani sasa ni changu. Nisamehe kwa kimya cha miezi mitano. Kila nilipotaka kukuandikia, simu ya mtu aliyekwama njiani ililia kwanza.

Leo nimeamua kuandika kwa sababu ya Farida wa dawati letu la safari, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Wiki mbili zilizopita yule mhandisi wa mitambo, uliyekuwa ukimpangia safari za Mtwara, alitakiwa kwenda Geneva kupitia Istanbul. Tiketi ilisomeka 03:25, siku ya Jumatano. Farida hakumtumia tiketi peke yake, bali alimwandikia pia ujumbe wa Kiswahili, kama ulivyotuzoesha sote: ndege yako inaondoka Jumatano, saa tisa na dakika ishirini na tano usiku. Saa ni sahihi na siku ni sahihi. Mhandisi alishinda kazini Jumatano nzima, akarudi nyumbani kufunga sanduku, akaagana na mkewe, na saa sita usiku akafika Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere, akiwa amewahi kwa zaidi ya saa tatu kwa hesabu yake. Ndege ilikuwa imeondoka kabla ya alfajiri ya Jumatano hiyo hiyo, wakati yeye amelala kitandani kwake. Na kwa kuwa hakupanda safari ya kwanza, mfumo wa shirika la ndege ulikuwa umekwisha kufuta sehemu zote zilizobaki, pamoja na ya kurudi. Nilimwamsha wakala, tukanunua tiketi mpya kwa bei ya dakika za mwisho, na mhandisi akafika Geneva siku aliyopaswa kuwa tayari amekwisha kusoma taarifa yake.

Nimeurudia ujumbe wa Farida mara nyingi mno, Rehema. Bibi yangu wa Pangani aliposema usiku wa Ijumaa alikuwa na maana ya usiku unaoitangulia Ijumaa, kwa sababu kwake siku ilianza jua linapotua. Watu wengi wa hapa mjini huhesabu kwamba Jumatano inaisha wanapokwenda kulala, hata kama ni saa nane. Tiketi nayo ina hesabu yake ya tatu, inayobadilisha siku saa sita kamili za usiku. Farida alifuata hesabu ya tiketi, mhandisi akafuata ya kitanda chake, na hakuna kati yao aliyefanya uzembe. Ilhali gazeti lolote la Kiswahili likiripoti ajali ya saa tisa usiku huandika usiku wa kuamkia Jumatano, na msomaji hapotei. Maneno tuliyoyahitaji tulikuwa nayo siku zote, nasi hatukuyatumia.

Sasa uongozi unataka Farida apewe onyo la maandishi na tofauti ya nauli ikatwe kwenye mshahara wake. Nimewakumbusha kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi cha hasara, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Walinisikiliza, wakasema basi utaratibu ufuatwe. Lakini mimi sipiganii utaratibu. Ninaamini kwamba makato yenyewe si ya haki, na sababu ya kuamini hivyo ndiyo inayoniumiza.

Ulipoondoka uliniachia kanuni kwamba hakuna ratiba inayotoka mezani kwetu kabla mtu wa pili hajaisoma kwa sauti. Mwezi Juni niliiondoa kanuni hiyo. Maombi ya safari yalikuwa yamelundikana kuliko wakati wowote wako, tena mengi yakija yamechelewa. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, yanatakiwa yawasilishwe angalau siku 15 kabla ya safari, na watu walikuwa wakituletea fomu zikiwa zimebaki siku kumi. Mwingine alichanjwa homa ya manjano Ijumaa akitaka kuruka Jumatatu, wakati cheti huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya chanjo. Mwingine pasipoti yake ilikuwa imebakiza miezi minne. Wasichana na vijana wangu walikuwa wakirudi nyumbani saa tatu usiku, nikawaonea huruma, nikasema kila mtu ajikague mwenyewe. Niliona ninawapunguzia mzigo. Kwa kweli niliwaondolea kinga.

Farida huyu ndiye aliyegundua kwamba jina la mwenyekiti wa bodi kwenye tiketi halikulingana na la kwenye pasipoti, siku tatu kabla ya safari ya Johannesburg. Alilirekebisha kabla ya saa sita mchana na hakuna aliyemwandikia barua ya pongezi, hata mimi. Sasa anaingia kazini macho yamevimba, anasoma kila tiketi mara nne, na juzi alimpigia simu msafiri wa Dodoma usiku ili tu kuhakikisha kwamba anaijua saa ya treni.

Mtu wa pili nimekwisha kumrudisha. Vilevile nimeagiza kwamba kila ndege inayoondoka kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi iandikwe kwa kuanzia na muda wa msafiri kutoka nyumbani kwake: utatoka nyumbani Jumanne saa nne usiku, ndege inaondoka saa tisa na dakika ishirini na tano, usiku wa kuamkia Jumatano. Baadhi yao wanasema ujumbe umekuwa mrefu. Nimewaambia uwe mrefu.

Lakini hayo hayamsaidii Farida. Kikao chake ni Alhamisi hii, na nimeandika maelezo yangu nikisema wazi kwamba ukaguzi niliuondoa mimi, kwa sahihi yangu, na kwamba kama kuna barua ya onyo basi iandikwe kwa jina langu. Bado sijayapeleka. Baba Tausi ananishauri ninyamaze, kwa kuwa mkataba wangu unajadiliwa Desemba, nami namwelewa, maana ada za watoto ni zetu sote wawili. Hata hivyo siwezi kukaa mezani kumtazama yule binti akilipia uamuzi wangu.

Niambie ukweli, Rehema. Katika miaka yako ya usimamizi, uliwahi kumkosesha mtu ndege? Ulimweleza nani kwanza, bosi au timu yako? Je, ile karatasi yako ya ukaguzi, yenye maswali uliyoyaandika kwa wino wa kijani, bado unayo, nami nitapata nakala yake? Unaweza kuwaandikia mistari michache kwamba kanuni ya mtu wa pili ilikuwepo tangu wakati wako, au nitakuwa nakuingiza katika jambo lisilokuhusu? Na ungekuwa wewe, ungeyapeleka maelezo hayo kabla ya kikao au ungeyasoma kikaoni mbele ya Farida?

Kikao ni saa nne asubuhi. Nipigie Jumatano usiku, usiku wa kuamkia Alhamisi, saa yoyote. Nitakuwa macho.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi