Kwa somo yangu, Tabora

Ujiji, Kigoma
Mwishoni mwa Julai 2025

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wajukuu. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi huku sijambo, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ndivyo tulivyokaririshwa darasa la tano, na mpaka leo mkono haukubali kuanza barua kwa njia nyingine.

Ulimuuliza mjukuu wangu kama naumwa, kwa kuwa sionekani tena WhatsApp. Siumwi. Nimemwambia tu anitoe kwenye makundi yote, abakize la familia na la kikoba. Kuna lile kundi la mtaa ambalo mtu mmoja kazi yake ni kurusha video tangu alfajiri. Siku moja akarusha maiti na moshi, juu kaandika "Bukavu leo". Bukavu nimefika, somo. Nilikwenda na mama mkubwa enzi zile akifuata vitenge, na mji ule ni vilima na ziwa; huku kwenye video ni tambarare na vumbi jeupe, hata maandishi ya madukani si ya kwao. Hakuna aliyeuliza. Watu chungu nzima wakajibu "Mungu awasaidie", wakabandika viganja viwili vya kuomba, halafu dakika hiyo hiyo wakahamia kwenye tangazo la viwanja. Nilichoka.

Redio nayo imepungua. Sauti ya Amerika imenyamaza tangu Machi, serikali yao ilipowaondoa watangazaji kazini. Nimebaki na Wajerumani wa Deutsche Welle, na hao nawasikiliza mara moja kwa siku, basi. Huenda utasema nimezeeka. Lakini wewe unajua nimeupata wapi mtindo huu.

Unaikumbuka redio ya baba, ile ya National yenye koti la ngozi? Betri zikilegea alikuwa anazitoa na kuzianika juu ya ungo wa mama, kisha anaagiza mtoto akae karibu zisije zikaibiwa. Mtoto huyo alikuwa mimi, na siku mama yako akiwa zamu ya usiku wodini, tulikuwa mimi na wewe. Tulikuwa tunazigeuza kama mihogo ili zipate jua pande zote. Saa mbili usiku zinarudishwa, taarifa ya habari ya Redio Tanzania, RTD, inasikilizwa kwa kimya kizito, na msomaji akimaliza tu, baba anazima pale pale, hata kama muziki ni mtamu. Anaswali Isha. Kisha anainua mikono na kuanza kutaja: Beirut. Soweto. Bujumbura. Haombi "dunia nzima" kwa mkupuo mmoja. Anataja mji mmoja mmoja, kama ulivyotajwa redioni, na akikuta jina gumu anamuuliza kaka alitamkeje yule mtangazaji. Wewe ulikuwa unaitikia amina na kupiga ishara ya msalaba hapo hapo kwenye mkeka wetu, naye anaendelea na dua yake bila kugeuka.

Wakati wa vita vya Kagera kuna mzee alisema barazani kwetu kwamba, pamoja na yote, Amin ni Mwislamu mwenzetu. Baba hakubishana naye. Daraja la Kyaka lilikuwa limeshavunjwa, watu wa kule wamekimbia makwao. Usiku ule akaanza dua kwa kutaja Kyaka, akairudia, na yule mzee akiwa amekaa pale pale ikambidi aitikie. Sijawahi kusikia hotuba ya siasa iliyonikolea zaidi ya ile.

Sisi wa Kigoma, lakini, habari ya dunia hatuisikii redioni tu. Inateremka ufukweni Kibirizi na godoro kichwani. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na kabla gazeti la Dar halijafika kwa treni tulishawaona Warundi wenyewe. Mwaka 1996 vita vilipoingia Uvira, Wakongo wakavuka ziwa kwa maboti, na ndipo Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu. Walisema ni kambi ya muda. Leo kuna watu wenye watoto wao waliozaliwa humo humo kambini.

Na 2015, somo. Unakumbuka Kagunga? Warundi maelfu kwa maelfu kwenye kipande cha mchanga kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaingia, na njia ya kutoka ni ziwa tu. Ikabidi ajuza Liemba aende kuwabeba. Meli ya Wajerumani ya mwaka 1913, iliyoletwa vipande vipande, wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua, imeshabeba askari, mahindi, dagaa na maharusi. Safari hii ikabeba wakimbizi, nao kuifikia ilibidi wapakiwe kwanza kwenye mitumbwi, maana haikuweza kutia nanga ufukweni. (Liemba bado iko matengenezoni. Kila mwaka tunaambiwa karibu itatoka. Nitaamini nikiisikia honi.)

Wewe ulikuwa umekuja kumuuguza dada yako. Tulikwenda uwanja wa Lake Tanganyika walikokuwa wakipokelewa, wewe na akina mama wenzako Wakatoliki wa WAWATA, mimi na wa msikitini kwetu, tukiwa na kanga na sabuni. Langoni alikuwepo yule mzee wa Kirundi aliyejifunga redio shingoni kwa kamba ya katani. Ulimpa sabuni akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akageuza redio na kukifungua kile kifuniko cha nyuma kutuonyesha. Tupu. Kutu ya kijani kwenye springi. Hakuomba chakula. Ukatoa nauli yako na yangu bila kuniuliza, ukaenda dukani ukamletea betri, tukarudi Ujiji kwa miguu na jua la utosi, mimi nikikulaumu njia nzima. Mzee yule alitaka kusikia kwao kunaendeleaje. Kuna watu walinicheka nilipowasimulia, eti mkimbizi na redio wapi na wapi.

Hao hao ndio leo wanaonung'unika kwamba wakimbizi wanamaliza kuni na ardhi. Kuni kweli zimekwisha, sikatai. Nenda Kasulu ukaone vilima. Lakini mgao wa chakula umekuwa ukipunguzwa miaka na miaka, na mwaka huu wafadhili wamefunga mifuko zaidi. Sasa mtu asipokata mti apikie nini? Jirani yangu mmoja aliponiambia warudishwe tu kwao, nilimkumbusha habari ya mfalme Najashi. Waislamu wa kwanza kabisa kukimbia walikimbilia Habasha kwa mfalme Mkristo. Makureshi wakatuma watu na zawadi ili wakabidhiwe wakimbizi wao. Jaafar bin Abi Talib akasimama akamsomea mfalme aya za Surat Maryam, mfalme akalia, zawadi zikarudishwa pamoja na waliozileta. Ni sura ya somo wetu, mimi na wewe. Jirani akasema hayo ni ya zamani. Nikamwambia na swala tano nazo ni za zamani.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Mwaka huu kuna kipindi dua ilinikatika. Swala niliswali, sikuacha, lakini nikifika pa kuinua mikono nakosa la kusema. Goma ilianguka mikononi mwa waasi Januari, Bukavu Februari. Yule mama niliyekuwa nikimpa migebuka mikavu apeleke Uvira hapatikani kwa simu. Wakubwa wametia saini mkataba wa amani Washington tarehe 27 Juni, Kongo na Rwanda, picha nzuri, suti nzuri, na wavuvi hapa bado wanasema ng'ambo milio inasikika. Halafu Gaza. Watoto wanatolewa kwenye kifusi wakiwa weupe kwa vumbi, na wengine mbavu zinahesabika kwa njaa. Nikajiuliza, baba alitaja miji hii hii miaka yote ile. Beirut aliitaja mpaka akafa. Sasa?

Nilikwenda kwa bi mkubwa aliyenifundisha Kurani chuoni. Bado yupo, haoni vizuri lakini kichwa ni kizima. Sikumwambia kisa kirefu. Akaniambia nimsomee Maryam, pale uchungu wa kuzaa ulipompeleka kwenye shina la mtende. Nikasoma. Nilipofika aliposema laiti angekufa kabla ya hayo akawa kitu kilichosahauliwa, akanisimamisha. Akasema, "Huyu ndiye mbora wa wanawake, na Mungu hakumkemea kwa neno hilo." Akanyamaza, akatafuna tambuu yake. Kisha: "Endelea." Nikaendelea: akaambiwa alitikise shina, tende mbivu zitamwangukia.

Hapo nikacheka, nikamweleza kwamba utotoni, kwa kuwa mtende nilikuwa sijauona, nilikuwa nawaza mchikichi. Na mchikichi nimeukulia. Wanaume wenye shoka na kamba wanapanda kuikata mikungu, huwezi kuutikisa hata uwe pandikizi la mtu. Nilikuwa namwonea huruma sana. Bi mkubwa akasema mtende nao hautikisiki, sembuse na mzazi aliye katikati ya uchungu. Mungu angeweza kuziangusha tende mwenyewe, lakini alimtaka aweke mkono.

Huenda kwenu wanasema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Wewe una zaburi zako za kumlalamikia Mungu. Nakumbuka mama yako akizisoma kwa sauti kubwa mpaka baba anatega sikio dirishani.

Na nisisahau kukupa pole upya ya Papa Fransisko. Nilikutumia ujumbe Aprili, lakini pole ya ujumbe si pole. Kilichonigusa kwake ni ile simu. Tangu vita vile vianze Oktoba 2023, karibu kila jioni aliipigia parokia ya Gaza, kuwauliza wamekula nini, wako wangapi, wanaendeleaje. Mtu mwenye waumini zaidi ya bilioni moja anapiga simu parokia moja. Nilipolisikia hilo nilimwona baba na mkeka wake. Na kanisa lile lile, la Familia Takatifu, limepigwa kombora la kifaru tarehe 17 mwezi huu, watu watatu wamekufa, padri wao amejeruhiwa. Nilisikia jikoni, nikaacha mboga ikaungua. Usiku ule nikainua mikono. Sikuwa na maneno mengi. Nilitaja Gaza, nikataja Uvira na yule mama kwa jina lake, nikaishia hapo.

Sasa naendelea hivyo, mahali pamoja au pawili kwa usiku. Na mkono nauweka ninapoweza: Ijumaa iliyopita tumekusanya nguo za watoto msikitini, na kijana wa parokia yenu ya huku amekubali gari lao lizipeleke Kasulu. Sijui kama kwa baba ilikuwa nyepesi hivi au naye alikuwa na usiku wake wa kukosa maneno. Hakuwahi kutuambia, na sisi hatukuuliza.

Papa wenu mpya nilimwona siku alipotokea roshani, tarehe 8 Mei, yule wa Chicago. Neno lake la kwanza likawa amani iwe nanyi nyote, na mimi bila kufikiri nikaitikia "waalaykumu ssalaam" peke yangu mbele ya televisheni. Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamkumbuka Yohane Paulo wa Pili alipokuja huko Tabora Septemba 1990. Baba ndiye aliyenilipia tiketi ya treni, akaniambia nenda na mwenzio, usimwache peke yake kwenye umati. Usiku kucha tumebanwa hadi kwenye viungo vya mabehewa, Uvinza tukanunua mayai ya kuchemsha, na chumvi tukafungiwa bure kwenye gazeti. Papa mwenyewe nilimwona mdogo kama kidole kimoja, cheupe, mbali. Wewe uliapa umemwona uso. Sijakuamini mpaka leo.

Haya, ya nyumbani. Upepo wa kusi unavuma vibaya mwezi huu, maboti madogo yanaogopa kutoka, dagaa bei juu. Hata hivyo si kama mwaka jana ziwa lilipofungwa lisivuliwe kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, tukala maharage mpaka tukayachukia. Ziwa lilipofunguliwa samaki waliongezeka, wavuvi wenyewe wanakiri, japo wanakiri kwa sauti ndogo.

Goti lako linaendeleaje? Usipande ngazi za kanisani bila mtu.

Nimemkabidhi mhudumu wa treni kifurushi: migebuka mikavu, dagaa, na mawese chupa mbili zilizofungwa kwa nailoni. Zikague kabla hujaondoka stesheni, maana safari iliyopita moja ilifika nusu. Nawe ukipata mtu wa kuja huku nitumie asali, lakini si kwa yule muuzaji wa mara ya mwisho. Ile iliganda chupa nzima kwa wiki. Kama kuna ya nyuki wadogo, nitumie hiyo, hata robo lita. Bei uniambie, usijifanye umesahau.

Wasalaam,
Somo yako wa Ujiji