Laptopu ikizimika katikati ya gemu, ipimwe joto kabla ya kuhukumiwa mazabodi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo linalowagharimu vijana wengi wa Arusha na Moshi. Laptopu inacheza gemu dakika kumi au ishirini, feni inavuma kwa nguvu zote, kisha skrini inakuwa nyeusi na mashine inazimika bila onyo. Mwenye nayo akiipeleka kwa fundi, mara nyingi jibu hutoka hata kifuniko hakijafunguliwa: mazabodi (bodi kuu inayobeba chipu zote) imekufa, chipu ya grafiki imeungua, tafuta nyingine. Sisi tunaoifanya kazi hii tunasema hukumu hiyo haifai kutolewa bila kipimo. Mashine inayozimika hivyo na kuwaka tena vizuri ikishapoa, kwa kawaida inajilinda isiungue, na dawa yake ni kazi ya saa moja au mbili mezani.

Ieleweke kwanza kinachotokea ndani. Prosesa, yaani chipu kuu inayoendesha mashine, ina kikomo cha joto: nyingi za Intel za laptopu ni nyuzi joto 100. Za AMD kikomo huwa kati ya 95 na 105 kulingana na toleo. Ikifika hapo, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, ndipo gemu linapoanza kukwamakwama. Joto likizidi kupanda hata baada ya kasi kupunguzwa, umeme hukatwa papo hapo. Kwa hiyo kuona nyuzi 90 au 93 wakati wa gemu zito si ugonjwa. Laptopu nyingi za gemu zimeundwa zifanye kazi huko huko. Ugonjwa ni kuzimika.

Kwa kupima joto, programu ya HWiNFO ni ya bure na inatosha. Ifungue kwa kuchagua vihisi pekee, bonyeza kitufe cha kurekodi ili ihifadhi vipimo kwenye faili, kisha cheza gemu lile lile linaloizimisha. Ikizimika, iache ipoe, iwashe, fungua lile faili na usome mistari ya mwisho: joto la prosesa, joto la chipu ya grafiki, kasi ya feni kwa modeli zinazoionyesha, na wati zilizokuwa zikitumika. Kama mistari ya mwisho inaonyesha nyuzi 98 au 100, shida ni joto. Kama inaonyesha 72, usiguse feni wala pesti (ule uji unaopakwa juu ya chipu kupitisha joto). Nenda moja kwa moja kwenye chaja na betri, tutakayoyataja mbele.

Katika Windows, ndani ya Event Viewer (daftari la matukio ya mashine), upande wa System, utakuta pia tukio la Kernel-Power namba 41. Wapo wanaoliona hilo wakasema chaja ni mbovu. Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu, sababu haisemi. Tukio la Kernel-Power namba 86 ndilo linalotaja joto lililovuka mpaka, ingawa si kila mashine huwahi kuliandika kabla ya umeme kukatika.

Kisha tazama jinsi joto linavyopanda, maana hapo ndipo ugonjwa hujitaja. Likiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde chache tu baada ya gemu kufunguka, chipu haigusani vizuri na bamba la shaba lililo juu yake: pesti imekauka, au skrubu zimelegea. Likipanda polepole kwa dakika kumi au kumi na tano, mguso ni mzuri ila hewa haipiti. Na kama kiini kimoja cha prosesa kina nyuzi 97 na jirani yake 80 kwa mzigo ule ule, bamba limekaa upande.

Kiganja nacho ni kipimo. Mashine ikiwa kwenye mzigo, kiweke mbele ya matundu ya kutolea hewa. Hewa dhaifu yenye moto mkali maana yake mapezi, vile vibati vyembamba vya shaba au alumini ambavyo feni hupulizia hewa, yamezibwa na vumbi. Hewa yenye nguvu lakini ni vuguvugu tu, huku programu inaonyesha prosesa iko nyuzi 98, maana yake joto halifiki kwenye mapezi kabisa. Hapo kuna pesti iliyokauka au bomba la shaba lililokufa. Mabomba hayo si vyuma vitupu. Ndani yana maji kidogo sana katika ombwe. Maji huchemka upande wa chipu, mvuke hukimbilia kwenye mapezi, hupoa, na kurudi kuwa maji. Bomba likipinda vibaya au likitoboka baada ya laptopu kuanguka, ombwe linapotea na kinachobaki ni kijiti cha shaba. Fundi anaweza kulijaribu kwa urahisi: alitoe bamba zima lenye mabomba yake, atenganishe feni, achovye upande wa chipu kwenye kikombe cha maji ya moto. Upande wa mapezi unapaswa kuwa moto ndani ya sekunde chache. Usipopata moto, hakuna pesti duniani itakayosaidia. Linatafutwa bamba lingine la modeli hiyo hiyo.

Mazingira yetu yana sehemu yake. Mji wa Arusha uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Tanga, pwani, kwa joto lile lile. Feni inazunguka vilevile lakini inasukuma hewa kidogo zaidi kwa uzito. Baridi ya Arusha hutufidia. Moshi iko chini zaidi, ila Januari na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani hujitokeza karibu yote kwenye chipu. Mashine iliyopona Julai inaweza kuanza kuzimika Februari bila chochote kuharibika. Halafu kuna vumbi la kiangazi, laini mno, linaloshikana na nyuzi za zulia na blanketi ndani ya mashine. Na tukiri pia kuhusu vile vitambaa vya kufuma tunavyotandika mezani: laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini, na kitambaa hicho huziba matundu yote. Iweke kwenye mbao tupu, na uinue nyuma kwa sentimita mbili hivi. Vizibo vya soda vilivyorundikwa na kubandikwa pamoja vinatosha.

Sasa usafishaji, ambao ndio unaoharibiwa zaidi. Tunaona laptopu zinapelekwa kupulizwa kwa upepo wa fundi tairi. Upepo ule una presha kubwa mno, hubeba matone ya maji na mafuta ya kompresa, na huzungusha feni kwa kasi ambayo beringi zake hazikuumbiwa. Feni inayozungushwa kwa nguvu huzalisha umeme na kuurudisha kwenye mazabodi. Aidha, kupuliza kutoka nje husukuma vumbi lirudi ndani. Lile tabaka zito, lililoshikana kama sufi, hukaa kati ya feni na mapezi, mahali pasipoonekana bila kufungua. Zima mashine, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri kwenye mazabodi kabla ya kugusa kitu kingine, fungua feni, litoe tabaka hilo kwa kibano, kisha maliza kwa brashi laini. Ukitumia kipulizia cha mkono, shikilia panga za feni kwa kidole zisizunguke.

Ukishafika hapo, badilisha na pesti, hasa kwa laptopu zilizoingia nchini zikiwa zimetumika miaka minne au mitano. Legeza skrubu za bamba kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni mwake, ukianza na ya mwisho kwenda ya kwanza, kila moja robo ya mzunguko kwa zamu. Pesti ya zamani ifutwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi. Mwenye hiyo tu aiache ikauke kabisa kabla ya kuendelea. Petroli na tina zisitumike. Tunajua zinatumika sana vibandani, zinayeyusha plastiki na gundi, huacha mafuta juu ya chipu, na kibandani kwenye pasi ya kulehemu ni moto unaosubiri kuwaka.

Pesti iwe ya kweli, mfano Arctic MX-4 au Noctua NT-H1. Ile nyeupe ya bei ya chini inayouzwa kwenye vifuko bila jina hupitisha joto kidogo mno kwa chipu ya gemu. Chipu za laptopu ziko wazi bila kofia ya chuma, kwa hiyo pesti lazima ifunike uso wote hadi pembeni: paka tabaka jembamba kwa kijiti bapa, ujazo wa punje ya mchele au mbili kutegemea ukubwa wa chipu. Kona iliyoachwa wazi hupata moto peke yake. Bamba lirudishwe kwa kufuata namba kuanzia 1, skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa mkingamo. Anayekaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine huinamisha bamba, na anaweza kuvunja ukingo wa chipu.

Pedi laini za kupitisha joto zilizo juu ya memori za grafiki ndizo zinazotesa hata mafundi wazuri. Zina unene maalumu, milimita 0.5, 1 au 1.5, na katika bamba moja unene unaweza kutofautiana. Ukiweka pedi ya 1.5 palipokuwa na ya 1, bamba linanyanyuka na chipu haigusani nalo tena. Ndiyo maana mteja analalamika kuwa laptopu ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa na moto kuliko ilivyokwenda. Pima ya zamani mahali ambapo haijabonyea, kata mpya sawa na hiyo. Pesti isichukue nafasi ya pedi, kwa sababu haiwezi kujaza pengo la milimita nzima.

Onyo moja la haraka: baadhi ya laptopu za gemu, zikiwemo baadhi za ASUS ROG, hazina pesti bali metali ya majimaji yenye galiamu. Inang'aa kama zebaki, inapitisha umeme na inakula alumini. Fundi asiyeijua akiifuta ovyo, tone moja likidondokea kwenye vijenzi vya pembeni, mazabodi ndiyo imekufa kweli.

Kwa mashine ambayo kumbukumbu yake inaonyesha ilizimika ikiwa na nyuzi 72, tazama chaja. Laptopu ya gemu iliyokuja na chaja ya wati 180 au 230 haiwezi kubebwa na chaja ya wati 90 hata kama volti ni zile zile 19.5 na kichwa kinaingia. Upungufu unachukuliwa kwenye betri. Betri ikiwa imechoka, mzigo unapopanda ghafla mashine inakata. Ishara yake ni asilimia ya chaji kushuka haraka wakati chaja imechomekwa. Chomeka moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni inayobeba pia friji na pasi. Na ukiona padi ya kugusa imenyanyuka au kifuniko cha chini kimetuna, betri imevimba. Acha kuitumia siku hiyo hiyo, usiitoboe, usiibonyeze irudi.

Upande wa programu kuna nafuu ya bure wakati fundi anasubiriwa. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, shusha hali ya juu ya prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye laptopu nyingi hatua hiyo huzima kasi ya ziada, na joto hushuka kwa nyuzi nyingi huku gemu likipungua kidogo tu. Funga fremu (picha zinazochorwa na gemu) kwenye 60 kwa sekunde kama skrini yako ni ya hezi 60, kwa kuwa zinazozidi hapo hazionekani na zote zinachoma umeme. Meza za feni zinazouzwa madukani hupunguza nyuzi chache. Haziwezi kufungua mapezi yaliyoziba.

Ombi letu kwa mafundi wenzetu, kuanzia Ngarenaro hadi Mbuyuni, ni hili: mpimie mteja mbele yake kabla ya kufungua, na mpimie tena baada ya kufunga, gemu lile lile, chumba kile kile, dakika 30, chaja ikiwa imechomekwa. Mwandikie namba zote mbili kwenye risiti. Na mteja naye azidai kabla ya kutoa fedha. Atakayeambiwa mazabodi imekufa aulize ilizimika ikiwa na nyuzi ngapi.

Mafundi wa kompyuta,
Kaloleni, Arusha