Pesa ya watoto ihesabiwe, isikisiwe

Bwana Mhariri,

Mume na mke wakiachana hapa Lubumbashi, kikao cha familia kinakaa, wazee wanamuuliza baba atatoa ngapi kila mwezi kwa watoto. Baba anataja dola 50, mama anataka 200, wanakatia katikati. Haijulikani watoto wanakula nini kwa mwezi, wala baba anaingiza nini. Pesa ya namna hiyo haidumu.

Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, haina bei iliyopangwa. Inapima haja ya anayelishwa na uwezo wa anayelisha. Kifungu cha 591 kinasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, hata aliyezaliwa nje ya ndoa. Basi «hatukuoana» si jibu.

Anzeni na watoto, mshahara baadaye. Andikeni unga, mboga, makala (makaa ya kupikia), sabuni, nguo, usafiri. Unga msiuhesabu kwa bei ya Mei, mavuno yakiwa sokoni. Mvua ikikolea, mfuko wa kilo 25 unapanda, na Zambia ikizuia mahindi kutoka unapanda zaidi. Chukueni bei ya msimu mzuri na ya msimu mbaya, mjumlishe, mgawe kwa mbili.

Pesa ya nyumba ndiyo inayoleta ugomvi mwingi. Mama mwenye watoto wawili asigawe kwa vichwa vitatu akamdai baba theluthi mbili. Kama peke yake angepanga kwa dola 60, na pamoja na watoto anahitaji nyumba ya 100, sehemu ya watoto ni 40.

Halafu uwezo. Mwenye karatasi ya mshahara ni rahisi. Kwa dereva au mchuuzi, chukueni miezi 6, pamoja na ile mibaya, mtoe mafuta, matengenezo na mtaji, ndipo mgawe kwa 6. Kuhesabu mauzo yote kama faida ni kumdhulumu. Kuchukua mwezi mmoja mbaya ni kuwadhulumu watoto.

Tuseme baba anabaki na dola 450, mama 150, na watoto wanahitaji 180. Jumla ya mapato ni 600. Baba ana robo tatu, basi anatoa 135. Zile 45 za mama hazipiti mkononi mwa mtu, zinaishia jikoni, lakini ziandikwe. Baba akiwa na watoto wengine, nao wahesabiwe katika uwezo wake, bila kuwafuta hawa.

Shule msiichanganye na pesa ya mwezi. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sare, madaftari na minervali (ada) ya sekondari vinadaiwa kwa mkupuo, na mama anayenunua chakula kila siku hawezi kuweka akiba. Vigawanywe kwa robo zilezile, tatu za baba na moja ya mama, wakati vinapodaiwa. Bili ya hospitali vilevile.

Karatasi iseme tarehe, na kama ni dola au franka kwa bei ya siku hiyo. Tumeni kwa M-Pesa au Airtel Money, ujumbe ubaki. Baba anayeleta mfuko wa unga na kuukata kwenye pesa ya mwezi kwa bei yake mwenyewe anaharibu mapatano, aulize kwanza. Mkishindwana, pelekeni hesabu hii pamoja na risiti kwa tribinali ya watoto. Bila karatasi, hakimu naye atalazimika kukisia.

Msomaji, Katuba, Lubumbashi