Magari ya kukodi kwa dakika Berlin yasiishie katikati ya jiji

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu magari ya kukodi kwa dakika hapa Berlin, yale unayoyafungua kwa simu na kuyaacha popote ndani ya eneo la kampuni. Mitte na Prenzlauer Berg, mitaa ya katikati ya jiji, utakuta ya kampuni tatu tofauti yamepangana mtaa mmoja. Nje ya reli ya mzunguko ya S-Bahn, yaani treni za jiji zinazozunguka eneo la katikati, hasa huku kwetu Marzahn, ni ya kutafuta kwa tochi.

Kila kampuni huyapanga upya magari yake peke yake. Wafanyakazi huyatoa yalikokwama na kuyapeleka yanakotarajiwa kukodiwa asubuhi. Wateja wengi wana programu zaidi ya moja na huchukua gari lililo karibu, kwa hiyo kampuni ikiondoka katikati inampisha mshindani. Ni kama bodaboda kujazana kijiwe kimoja, huku mtaa wa pili abiria hawana usafiri.

Tunaambiwa takwimu zinaonyesha huku hakuna wateja. Takwimu zipi? Za safari zilizofanyika! Pasipo na gari safari itatoka wapi? Kompyuta inasoma sifuri, na sifuri hiyo inakuwa sababu ya kutoleta gari mwezi unaofuata. Chukua nesi anayetoka zamu saa nne usiku. Anafungua programu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gari la karibu liko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Anaishia kusubiri tramu. Kila kampuni inaweza kujua kwamba alifungua programu yake akakosa, lakini haijui kama alipata kwa mwenzake au alikosa kote. Jibu hilo linapatikana tu hesabu zao zikiwekwa pamoja.

Wasiseme ni siri ya biashara. Magari yaliyoegeshwa yanaonekana kwenye simu ya yeyote, mshindani akiwemo. Kinachotakiwa ni idadi ya waliokosa, kwa mtaa na kwa saa, bila majina, ikabidhiwe serikali ya jiji.

Wala sidai kampuni ziunganishwe. Car2go na DriveNow, mahasimu wa miaka mingi, ziliungana mwaka 2019 zikawa Share Now, na kabla mwaka huo kwisha ikatangazwa kwamba inafunga Amerika Kaskazini, London, Brussels na Florence. Ushindani ubaki, maana ndio unaotupa nafuu ya bei.

Ila jiji lina rungu mkononi, nalo ni ada ya maegesho. Kampuni inayoleta sehemu ya magari yake pembezoni kila siku ipunguziwe ada ya katikati. Inayorundika yote Mitte iongezewe. Majaribio yaanzie Marzahn na Spandau, na hesabu za waliokosa zitangazwe kila mwezi ili nasi wakazi tuzione.

Msomaji wako,
Marzahn, Berlin