Upepo kwanza, mizinga baadaye

Mombasa

Swahibu yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba lile sanduku la merikebu limefika Nairobi salama, milingoti yote ikiwa mizima, na kwamba tayari umewaahidi binamu zako na wenzako wa kazini kuwafundisha mchezo wa vita vya merikebu za matanga mwisho wa mwezi. Umeniuliza uanzie wapi, kwa kuwa kitabu cha kanuni ni kinene na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kucheza mchezo wa vita mezani. Jibu langu ni fupi, ingawa maelezo yake yatakuwa marefu: anza na upepo, na mizinga uifiche mpaka wachoke kuiulizia.

Ninajua ushauri huu utakuwia mgumu. Mgeni akitazama manowari yenye safu mbili za matundu ya mizinga, jambo la kwanza analotaka kujua ni inapiga mbali kiasi gani, na mwalimu mwenye moyo mwema hufungua jedwali la mapigo papo hapo ili amridhishe. Baada ya muda wote wanajua kuhesabu dadu, na hakuna anayejua kwa nini merikebu yake imesimama. Mtu aliyeanza namna hiyo huiendesha merikebu kama gari, anaielekeza kule aliko adui na kulaumu kanuni inapokataa kwenda, na tabia hiyo haimtoki upesi.

Kwa hiyo meza ya kwanza iwe ya kusafiri tu. Tandika shuka la buluu lisilo na mikunjo, kwa sababu mkunjo mmoja huiinamisha merikebu na kuipotosha njia. Kwenye pembe ya meza bandika mshale wa kadibodi, mkubwa kuliko unavyodhani unafaa, uonyeshe upepo unakoelekea, kisha weka mabakuli mawili katikati yawe visiwa. Mpe kila mtu merikebu moja, wala usimpe mbili hata akiomba, na uwaambie watoke upande wa demani wafike upande wa joshi, kule upepo unakotoka, bila kupiga mzinga hata mmoja. Katika seti yako kila merikebu ina kadi zake za mwendo zenye mistari iliyonyooka au kupinda, na kitako chake kimechorwa rangi zinazoonyesha upepo unaiingilia upande gani. Hicho ndicho kitu pekee wanachohitaji kukisoma katika mzunguko wa kwanza.

Hapo ndipo watakapoanza kukuuliza maswali ya maana. Manowari za Ulaya za mwanzo wa karne ya kumi na tisa zilibeba matanga ya mraba yaliyotundikwa kwenye foromali, yaani boriti zilizokatiza mlingoti, na merikebu ya namna hiyo haikuweza kuukaribia upepo zaidi ya pointi sita za dira, yaani nyuzi kama 67 kila upande. Ukijumlisha pande zote mbili, zaidi ya theluthi moja ya bahari imefungwa mbele yako wakati wowote ule. Huku kwetu kazi ya kulieleza hili ni nyepesi kidogo, kwa sababu kijana aliyewahi kupanda ngalawa anajua kubisha, yaani kuuendea upepo kwa kupinda huku na huku, ni nini, ingawa naye hushtuka akiona jinsi pembe ile iliyofungwa ilivyo pana. Huko kwako huenda ukakutana na mtu ambaye hajawahi kuona tanga likivimba, basi usimweleze kwa maneno. Chukua kipimapembe, kata kipande cha karatasi nyekundu chenye nyuzi 135, kiweke mbele ya gubeti, yaani ncha ya mbele ya merikebu yake, na kila anapogeuka karatasi ibaki pale pale ikiutazama upepo. Baada ya zamu chache ataiondoa mwenyewe.

Mambo mawili yaache yawapate bila kuwaonya. La kwanza ni yule atakayejaribu kuvusha gubeti upande wa pili wa upepo akiwa hana mwendo wa kutosha: matanga yatabwagwa nyuma, merikebu itasimama, kisha itaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye bakuli. Usimwokoe wala usimruhusu kurudisha kadi yake. La pili ni yule atakayegeuka na kuupa upepo tezi kamili, yaani upande wa nyuma wa merikebu, akiamini kwamba sasa ndiyo atakimbia kuliko wote, akashangaa kumwona mwenziwe aliyeupokea upepo kwa pembeni ya tezi akimpita. Tanga la nyuma humnyima la mbele upepo, na mkiwa mmesimama mezani unaweza kulionyesha jambo hilo kwa viganja viwili na pumzi yako mwenyewe. Jambo hili hulikumbuka kuliko ukurasa mzima wa kanuni.

Baada ya hapo, na si kabla, toa dadu. Mizinga ina mambo matatu tu ya kufundishwa usiku wa kwanza: umbali, muda wa kushindilia upya, na upande unaopigwa. Umbali ni rahisi, kwa kuwa merikebu zako zimetengenezwa kwa kipimo cha 1:1000, hivyo sentimita 10 mezani ni mita 100 baharini, na wote watafahamu mara moja kwa nini nahodha mwenye akili hakupoteza baruti akiwa mbali. Kuhusu kushindilia, weka kete ya bao juu ya ubavu uliokwisha kupiga na uiondoe zamu zinazotakiwa zikipita. Ninapenda kete kuliko vibao vya karatasi vya kwenye sanduku, kwa sababu kete haipeperushwi na feni. Waambie pia kwamba pigo la kwanza la merikebu ndilo lenye nguvu kuliko yote, maana mizinga ile imeshindiliwa kwa utulivu kabla ya moshi na vurugu, kwa hiyo anayelifyatua akiwa mbali kwa sababu ya pupa amejinyima mwenyewe.

Jambo la tatu ndilo tamu, na hapo usiharakishe. Ubavu wa manowari ulikuwa ukuta mnene wa mbao, lakini tezi yake ilikuwa madirisha ya vioo na mbao nyembamba, na risasi iliyoingia huko ilipita sitaha nzima mpaka omo, sehemu ya mbele, bila kizuizi, ikiwakuta watu na mizinga iliyopangwa pande zote mbili. Katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, merikebu ya Waingereza iitwayo Victory ilipita nyuma ya Bucentaure, iliyombeba jemadari wa Wafaransa, na mzinga wake mfupi wa risasi za ratili 68 ukapiga kupitia madirisha hayo, ukifuatiwa na mizinga ya ubavu mmoja mmoja kadiri ilivyofikia shabaha. Bucentaure haikupona pigo lile. Ukilisimulia hilo huku kidole chako kikipita juu ya merikebu ndogo kutoka tezi hadi omo, utaona kila mtu mezani anaitazama tezi ya mwenziwe kwa macho mapya, na mara ile somo la upepo uliloanza nalo litaeleweka: huwezi kuifikia tezi ya adui kama huna joshi au mwendo.

Sasa kuhusu vita vya kuwachezesha. Usikubali kuanza na Trafalgar, hata wakikuomba kwa magoti. Waingereza walikuwa na manowari 27 za safu ya vita, yaani zile kubwa zilizopigana zikiwa zimepangwa mstari, Wafaransa na Waspania 33, na wageni watano wakigawana merikebu 60 watalala mezani kabla ya mzinga wa kwanza kulia. Mimi huanza na pambano la Shannon na Chesapeake, la tarehe 1 Juni 1813, nje ya bandari ya Boston. Ni frigeti, yaani manowari nyepesi, mbili tu, moja ya Uingereza na moja ya Marekani, zote zikihesabiwa kuwa za mizinga 38, na mambo yaliyotokea ndani ya muda wa robo saa hivi yanakusanya kila somo ulilowafundisha.

Chesapeake ilikuja na joshi. Nahodha wake, James Lawrence, angeweza kupita nyuma ya Shannon na kuipiga kwenye tezi, lakini alichagua kwenda sambamba nayo, ubavu kwa ubavu, na wachezaji wako watabishana sana kama huo ulikuwa uungwana au upumbavu. Waache wabishane. Philip Broke wa Shannon alikuwa ameishika merikebu ile tangu mwaka 1806, akiwafundisha wapiga mizinga wake kwa bidii isiyo ya kawaida, ilhali Lawrence alikuwa amekabidhiwa yake mwezi uliotangulia tu. Broke alimwandikia hata barua ya kumwita vitani, lakini Chesapeake ilikuwa imekwisha kung'oa nanga kabla barua haijamfikia. Mizinga ilipoanza, Chesapeake ilikuwa na mwendo mkubwa mno, ikawa inampita adui wake. Walioshika usukani wakapigwa, kamba za matanga ya mbele zikakatika, merikebu ikageukia upepo yenyewe, ikasimama, ikaanza kurudi kinyumenyume huku pembe ya tezi yake ikimwelekea Shannon. Ndivyo ilivyompata yule mchezaji wako kwenye bakuli. Merikebu zikagusana, Broke akaruka na watu wake kwenye sitaha ya adui, na muda mfupi baadaye bendera ilishushwa, ingawa Lawrence, akiwa amejeruhiwa vibaya, alikuwa ameagiza merikebu isisalimishwe.

Ili pambano hilo lisiwe la upande mmoja, mpe Chesapeake joshi na kete kadhaa za ziada za mabaharia, kwa kuwa kwa hakika ilikuwa na watu wengi zaidi, na mpe Shannon dadu moja ya ziada katika kila pigo kwa ajili ya mafunzo ya Broke. Kanuni za kuparamia merikebu ya adui wafundishe pale tu merikebu zinapogusana. Zikipita pasipo kugusana, usizitaje. Na wakiwa wengi, waweke wawili wawili kwa kila merikebu, mmoja nahodha na mmoja mkuu wa mizinga, wakubaliane kwa kunong'ona.

Kuhusu kuchagua kadi kwa siri, ninatofautiana na wale wanaosema wageni wacheze kwa zamu ya wazi kwanza. Kuweka kadi kifudifudi na kuzifunua pamoja ndiyo roho ya mchezo huu: unajaribu kukisia mwenzio ataelekea wapi, unakosea, na merikebu mbili zinajikuta zimepandana milingoti katikati ya meza. Kicheko kile ndicho kinachomrudisha mgeni juma lijalo. Waruhusu wakati wa safari ile ya mabakuli wacheze wazi, lakini tangu mzinga wa kwanza kadi zifichwe.

Moto, maji yanayoingia tumboni, pampu, bunduki za juu ya milingoti, risasi za mnyororo za kukatia kamba: hayo yote yaache sandukuni. Nawe usicheze. Zunguka meza, jibu maswali, shika mshale wa upepo, na anayetaka kukuuliza afanye nini umuulize yeye anataka kufika wapi. Katika kila kundi huwa pia kuna mmoja aliyesoma historia nyingi, ambaye atawasahihisha wenziwe kila dakika; huyo mpe kazi ya kuhesabu mapigo, ataridhika na wengine watapumua.

Wakirudi mara ya pili, na ninaamini watarudi, wapeleke Grand Port. Hivyo vilikuwa vita vya bahari yetu hii ya Hindi, Agosti 1810, katika kisiwa cha Morisi ambacho siku hizo kilikuwa cha Wafaransa. Frigeti nne za Waingereza, Sirius, Iphigenia, Magicienne na Nereide, ziliingia katika ghuba iliyojaa miamba bila kuijua njia vizuri, na mwisho wake hakuna hata moja iliyopona: mbili zilikwama na kuchomwa moto na wenyewe, mbili zikaangukia mikononi mwa Wafaransa. Kata miamba kwa karatasi ya kaki, ile ya kufichika uiweke chini ya shuka na kuwaachia Wafaransa ramani, na uwaambie Waingereza kwamba wanaweza kumlipa rubani kwa kupunguza mwendo. Nahodha mpya aliyeuzoea upepo lakini hajawahi kuogopa maji machache atajifunza mengi hapo kuliko katika vita kumi vya bahari wazi. Wala usijali kwamba Waingereza watalalamika. Miezi michache baadaye walirudi na jeshi kubwa wakakitwaa kisiwa, kwa hiyo na wewe unaweza kuwaahidi duru ya marudiano.

Pamoja na barua hii nimekufungashia laha za merikebu nilizoandika upya kwa Kiswahili, kila moja ikiwa upande mmoja tu wa karatasi, pamoja na karatasi nyekundu za pembe niliyoieleza. Zitoe nakala kwenye karatasi ngumu, kwani za kawaida hupinda kwa jasho la mikono. Ukiona jedwali la kuparamia merikebu linakutatiza, nipigie simu jioni yoyote baada ya isha, nitakueleza kwa mfano.

Wasalimie wote, hasa mama, na umwambie shemeji kwamba shuka lake la buluu atarudishiwa.

Ni mimi rafiki yako.