Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mafuta ya Karafuu na Mchaichai

Chake Chake, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipokea, nami naitikia marahaba kwa moyo mkunjufu. Mama yako hajambo, na sote huku tu wazima. Barua yako ilinifurahisha kwa kuwa uliniuliza jambo ninalolifahamu, lakini ilinitia hofu nilipofika pale uliposema kwamba muuza mafuta mmoja amekushauri umtilie mjukuu wangu mchanga tone la mafuta ya karafuu katika uji kila asubuhi ili asishikwe na mafua. Nakuomba usifanye hivyo, na wala usingoje kuimaliza barua hii ndipo uamue. Chupa uliyonunua ipandishe juu kabisa, mahali ambapo hata kaka yake hafikii akipanda kiti, kisha urudi tuzungumze.

Unajua kwamba sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi niliitumia katika kiwanda cha makonyo pale Wawi. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili, na kwa muda mrefu makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, yalionekana kama takataka tu, hadi yalipoanza kukamuliwa mafuta. Kazi yenyewe ni kama ifuatavyo. Makonyo hupakiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke wa boila hupenyezwa kutoka chini, nao hupanda ukiwa umeyabeba mafuta, halafu hupita katika bomba lililozungukwa na maji baridi na kugeuka kuwa maji tena. Mafuta ya mchaichai huelea juu ya maji hayo. Mafuta ya karafuu huzama, kwa sababu ni mazito kuliko maji, ndiyo maana sisi tuliyachota kutoka chini. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa takriban kilo 5 au 6 za mafuta, na kilo 100 za majani mabichi ya mchaichai hazifikishi hata kilo moja. Karafuu yenyewe, hii tunayopikia pilau, ina mafuta mengi zaidi, yapata asilimia 15 ya uzito wake au kuzidi kidogo. Ukipiga hesabu utaona kwamba kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya karafuu kimebeba nguvu ya karafuu kavu 300 hivi. Wewe mwenyewe, pilau la watu kumi, hutii hata robo ya hizo.

Hapo ndipo penye shina la yote nitakayokueleza. Mafuta haya ni mazuri, nayapenda na nimeishi kwayo, lakini mtu asiyejua ni majani mangapi yameingia katika tone moja hawezi kulitumia kwa usalama. Kwa sababu hiyo, katika nyumba yako yasinywewe na mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Mafuta hayachanganyiki na maji wala uji, bali hubaki vipande vipande vinavyogusa midomo na koo yakiwa na ukali wake wote, na mafuta ya karafuu, ambayo sehemu kubwa ni kemikali iitwayo eujenoli, yakizidi mwilini huliumiza ini. Imo katika kumbukumbu za madaktari habari ya mtoto wa miaka miwili aliyekunywa baina ya mililita 5 na 10 tu, akapata degedege, akapoteza fahamu na ini lake likaharibika. Mafuta ya mkaratusi na yale yenye kafuri nayo yamewahi kuwatia watoto degedege kwa kiasi kidogo namna hiyo hiyo. Ikitokea mtoto ameyanywa, Mungu apishe mbali, usimtapishe, kwa kuwa anapotapika mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mchukue mara moja hospitalini, na chupa uende nayo ili daktari ajue anatibu nini.

Kuhusu ngozi, kanuni ni kwamba mafuta haya hayapakwi peke yake. Yachanganye kwanza na mafuta ya nazi au ya ufuta. Kijiko cha chai cha mililita 5 huwa na matone yapata 100, hivyo tone moja katika kijiko kimoja ni asilimia moja, nalo kwa mtu mzima linatosha kwa aina nyingi za mafuta ya kunukia. Karafuu na mchaichai ni makali zaidi, basi weka tone moja katika vijiko viwili na usizidishe. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, usubiri hadi kesho yake, na ukiona wekundu au mwasho, achana nayo, kwa sababu ngozi ikishayakataa mara moja huendelea kuyakataa kila yanapoigusa. Yakikumwagikia yakiwa hayajachanganywa, usikimbilie maji. Yafute kwanza kwa mafuta ya kupikia, halafu uoshe kwa sabuni. Mafuta yanayokamuliwa kutoka katika maganda ya ndimu usiyapake ngozini kisha ukatoka juani, maana hufanya ngozi iungue na kuacha mabaka. Mtoto wako mchanga usimpake lolote kati ya haya mpaka avuke mwaka kwa uchache. Mafuta ya nazi matupu yanamfaa, naye ananukia vizuri kwa kuwa ni mtoto.

Uliniuliza pia kuhusu jino la mkwe wangu. Kwa jambo hili mafuta ya karafuu yana haki ya sifa zake, kwani eujenoli hutia ganzi kweli, na madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Achukue kipande kidogo cha pamba, akichovye katika mchanganyiko wa tone moja na mafuta ya nazi, akiweke juu ya jino lenyewe bila kugusa ufizi mwingi, na mate ayateme. Asifanye hivyo siku nenda siku rudi, kwa sababu mafuta huziba maumivu tu na huku uozo ukiendelea chini yake, na ufizi nao huungua. Akiona uso umevimba au ana homa, huo ni usaha, na hapo hakuna mafuta yatakayomsaidia. Mtoto anayeota meno usimsugulie ufizi kwa mafuta ya karafuu, hata kama jirani atakuambia watoto wake wote walikua hivyo. Mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi akitafune.

Mafua yanahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa ndipo watu wanapowaumiza watoto kwa nia njema. Tangu mwaka 2020, watu walipohimizwa kupiga nyungu kwa ajili ya korona, nimeona kila nyumba ikiwa na sufuria yake, mtoto amefunikwa shuka juu ya maji yanayochemka. Mvuke haukuua kile kirusi, na maji ya moto yameunguza watoto wengi vifua na mapaja, kwani mtoto anapohisi joto hushituka na kuipiga teke sufuria. Mtu mzima aliyezibwa pua anaweza kutia tone moja au mawili ya mkaratusi katika bakuli la maji yaliyopoa kidogo, akafumba macho na kuvuta pumzi kwa dakika chache, akapata nafuu ya kupumua. Nafuu hiyo ni ya pua tu, ugonjwa wenyewe una siku zake. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili usitumie mkaratusi, mentoli wala kafuri, iwe katika mvuke, iwe ya kupaka kifuani, na hasa usimpake karibu na pua, maana njia zake za hewa ni nyembamba na zinaweza kujibana. Msafishe pua kwa maji ya chumvi, mnyonyeshe mara nyingi, na ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, usikae nyumbani.

Mchaichai hufukuza mbu, hilo ni kweli, lakini huruka upesi, na kabla ya muda wa saa mbili kupita harufu imepungua na mbu wamerudi. Utumie barazani jioni, ukipenda, kwa kuupaka mikononi na miguuni uliochanganywa vizuri, lakini usiku watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa. Malaria haingoji harufu ipande tena.

Sasa nije kwenye lile ambalo mama yako ameniambia nisilisahau, nami naona ndilo bora kuliko yote. Mafuta haya yanafaa zaidi kwa kunukia na kupamba maisha ya nyumbani kuliko kwa kutibu, na wanawake wa mwambao walilijua hilo kabla ya chupa ndogo za duka kufika. Bibi yako hakuwahi kumiliki tone moja la mafuta ya kukeneka, yaani yale ya kukamuliwa kwa mvuke. Aliokota langilangi na asumini alfajiri, kabla jua halijayachoma, akayatandaza kivulini mpaka umande ukauke, kwa sababu ua lenye maji huvundisha mafuta, kisha akayazamisha katika mafuta ya nazi aliyoyakuna na kuyapika mwenyewe, akiongeza majani machache ya mrehani. Baada ya siku kadhaa aliyachuja kwa kitambaa chepesi, akatia maua mapya, akarudia hivyo mpaka aliporidhika. Mafuta ya namna hiyo huchukua harufu ya ua kidogo kidogo na hayafikii ukali wa yale ya mtamboni, ndiyo maana tulipakwa nywele na miili tangu tukiwa watoto tusidhurike. Mama yako anakuletea chupa ya aina hiyo. Ukitaka nyumba inukie, funga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, tandika asumini juu ya mto, na udi uufukize kwenye nguo mtoto akiwa chumba kingine na madirisha yakiwa wazi, kwani moshi wa udi ni moshi, na kifua cha mtoto hakibagui.

Katika sanduku la nguo za mtoto usiweke vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuzia nondo. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao kwetu pwani si jambo geni, na harufu ya vidonge hivyo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao na kuwatia manjano kali. Shona kifuko cha kitambaa, ujaze makonyo makavu, ufunge. Nguo zitanukia na wadudu watazikimbia.

Ukinunua mafuta huko mjini, yajaribu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uiache. Mafuta safi ya kunukia huruka yakaacha alama hafifu au yasiache kitu, lakini yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha doa la uto lisilokauka. Ya karafuu yadondoshe pia katika glasi ya maji. Yakielea juu na kutanda, fahamu kwamba umeuziwa kitu kingine. Jaribio hilo halikamati kila udanganyifu, maana wapo wanaotia eujenoli ya kiwandani, lakini litakuokoa na wezi wa kawaida. Yaweke katika chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, yajazwe karibu na mdomo na kufungwa vizuri, mbali na jiko kwa kuwa hushika moto. Usiyatie katika vichupa vya plastiki laini, mafuta ya karafuu huvilainisha mpaka vikavuja. Na muuzaji atakayekuambia kwamba chupa yake moja hutibu presha, kisukari, utasa na vidonda vya tumbo, usimbishie, ondoka tu.

Nimemkabidhi mdogo wako mzigo, atavuka kwa boti wiki hii. Kuna chupa ndogo moja ya mafuta ya karafuu na moja ya mchaichai, nimeziandika majina kwa mkono wangu pamoja na kipimo, kuna mafuta ya maua ya mama yako, na kuna mfuko wa makonyo makavu. Mkaratusi sikukuwekea kwa makusudi. Mjukuu wangu akishafikisha miaka yake miwili, tutazungumza. Ile chupa ya muuzaji wako mpe mdogo wako anirudishie, nataka kuijaribu mwenyewe. Na mkwe wangu akishakwenda kwa daktari wa meno, nipigie simu unieleze alichoambiwa.

Wasalaam,

Baba yako